Siku ya Kuvua Bila Leseni

Karatasi yenyewe ilitoka kwenye begi la shule la binti yangu siku ya Jumatatu, imekunjwa mara nne na imechafuka kwa siagi ya karanga pembeni. Ilikuwa ya kijani. Ilisema kwamba Jumamosi ijayo mtu yeyote katika jimbo la Maryland ataruhusiwa kuvua samaki bila leseni, na kwamba familia zote zinakaribishwa kwenye bustani ya mtoni kule Bladensburg, ambako fimbo za kuvulia, ndoano na chambo vitatolewa bure. Chini walikuwa wamechora samaki anacheka. Niliisoma mara tatu nimesimama jikoni, viatu vya kazini vingali miguuni.

"Bure," nilimwambia mke wangu. "Umeona? Fimbo bure, chambo bure, leseni bure. Hawa watu wana nini?"

"Wana samaki," alisema mke wangu, akaendelea kukatakata sukuma.

Mke wangu ni Mkenya, Mkisii, na maneno kwake hayachelewi. Miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alikuwa anasomea unesi siku za wiki, na wikendi anawaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba moja ya wazee upande wa Takoma Park. Karatasi zake zilikuwa safi. Mwenye kasoro nilikuwa mimi. Nilikuja kutoka Mwanza kwa viza ya masomo, ada ikanishinda mwaka wa pili, viza ikafa, nami nikabaki napaki magari ya watu chini ya jengo moja la mawakili mjini Washington. Kesi yangu ilikuwa kwa wakili mmoja ambaye kila nikimpigia alikuwa na maneno mawili tu: tulia, subiri. Nikikamatwa kabla kesi haijasikilizwa, narudishwa kwetu, na kuja kuwaona tena mke na mtoto ni baada ya miaka mingi, kama nitaruhusiwa. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo.

Na watu walikuwa wanakamatwa kweli, si hadithi. Jamaa mmoja tuliyekuwa tunaimba naye kwaya alisimamishwa barabarani kwa taa ya nyuma iliyoungua. Taa tu! Jumapili hiyo nafasi yake kwenye besi ilikuwa wazi, na baada ya miezi mitatu tukasikia yuko Nairobi, anatafuta nauli ya basi la kwenda kwao. Tangu hapo nilikuwa nikitoka asubuhi nazunguka gari nakagua taa zote nne, mvua inyeshe jua liwake.

Sasa nifuate vizuri, uone kama akili yangu ilikuwa mbovu. Leseni ya kuvua ilikuwa inauzwa dukani, pale panapouzwa ndoano. Niliwahi kwenda, mwaka mmoja kabla ya hapo. Kijana wa kaunta alinichekea, akafungua kompyuta yake, akaniomba jina, anwani, na ile namba ya serikali ya tarakimu tisa. Namba sina. Nikapapasa mifuko, nikamwambia nimesahau pochi kwenye gari, nikatoka, nikawasha, nikaondoka. Leseni ya gari jimbo lile lilikuwa linatoa bila maswali mengi, Mungu awabariki, lakini ya samaki, eti samaki, ndiyo walitaka namba. Basi mtu kama mimi havui. Sasa serikali inasimama inatangaza siku ambayo haitauliza leseni. Watakaomiminika mtoni siku hiyo ni nani? Ni wale wasio na leseni. Na wasio na leseni ni nani? Si ni sisi? Wametega mtego, wakaweka na chambo, wakaandika kabisa kwenye karatasi kwamba chambo ni bure.

"Ai, wewe," mke wangu alisema nilipomweleza. "Wacha hizo. Wazungu wanapeleka watoto kuvua. Wanataka watoto watoke kwa televisheni. Ni hiyo tu."

"Wewe una karatasi. Ungekuwa mimi usingesema hivyo."

"Ningekuwa wewe ningempeleka mtoto. Haki ya nani, ameisoma hiyo karatasi mpaka imechanika."

Hapo alinipata. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Kiswahili alikisikia chote, hata cha kusengenya, lakini alijibu kwa Kiingereza, na humu nitaweka maneno yake kwa Kiswahili isipokuwa niseme vinginevyo. Hamu ya kuvua nilimpa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Kila usiku wa kulala nilimpigia hadithi za Ukerewe, nilivyokuwa nakaa juu ya jiwe na mshipi, navuta sato wawili watatu kabla ya shule, bibi yangu ananisubiri na sufuria. Nilijisifu kupita kiasi. Siku hiyo ya Jumatatu alikuja na kalenda ya jikoni, akaniwekea mbele kwenye sahani, Jumamosi ameizungushia kalamu nyekundu.

"Utanifundisha, ndiyo au hapana?" aliuliza.

Nikamwambia tutaona. Kwetu, mzazi akisema tutaona, mtoto anajua ni hapana. Huyu alizaliwa Marekani, akadhani tutaona maana yake tutaona.

Siku ya Alhamisi nilishuka ghorofa ya chini kwa jirani yetu. Majengo yale ya Adelphi ukipiga hodi mlango wowote unapata nchi nyingine, na huyu wa chini alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima, mfagiaji wa usiku kwenye ofisi, aliyepita vita na kambi mbili kabla ya kufika. Yeye alikuwa na kadi yake ya ukimbizi, iliyofunikwa nailoni, na hakuiacha hata akienda kutupa takataka. Alisoma karatasi ya kijani kwa miwani, akaigeuza nyuma, akainusa.

"Muzee," aliniambia, "Leta haitoaka kitu ya bure." Leta ndiyo serikali kwa Kiswahili chao. "Kule kwetu waliita batu kuja kupokea chumvi. Chumvi, unasikia? Batu wakaenda na bana yao. Wakawaandika majina. Kisha ile liste ikatembea."

"Orodha ikatembea wapi?"

"Ilitembea," alisema. Akanimiminia chai. "Kama unaenda kwa sababu ya mutoto, enda. Lakini jina usiandike. Jina ukiandika, umebakia kule."

Nilipanda ngazi na ushauri ule nikauona ni wa maana kuliko wa wakili.

Jumamosi ikafika. Mke wangu alikwenda zamu saa kumi na mbili asubuhi, ametuachia chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kontena, na kijikaratasi: mvue hata mmoja jameni. Binti yangu alikuwa amevaa tangu alfajiri, kofia, mabuti ya mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilimwambia tutapita kwanza tuangalie. Tukapita. Sikuingia kwenye maegesho ya bustani; nilipita moja kwa moja, nikazunguka kwenye kituo cha mafuta, nikapita tena. Mara ya tatu mtoto akauliza kama nimepotea.

"Sijapotea. Natazama."

"Unatazama nini?"

Nilikuwa natazama vani. Kulikuwa na vani mbili nyeupe, na mtu aliyefanya kazi ya kupaki magari katikati ya Washington hahitaji kuambiwa gari la serikali likoje. Nilisoma namba zake nikiwa barabarani. Za serikali, zote mbili, na moja ilikuwa na wavu wa chuma kwenye madirisha ya nyuma.  Nikamwambia binti yangu kwamba samaki leo hawapo. Hakulia. Alifungua mkanda, akabandika uso kwenye kioo na kutazama watoto wenzake walivyopanga mstari na fimbo mabegani, na nikaona bega lake moja linapanda na kushuka. Nikajiita mjinga. Nikaenda kuegesha mbali, kule nyuma ya uwanja wa mpira, gari nikaligeuza kabisa uso barabarani.

Kufika karibu, ile vani ya wavu ilikuwa imejaa fimbo za kuvulia. Wavu wa kuzuia fimbo zisivunje kioo. Ningecheka, ila pembeni yake alisimama askari wa kike wa maliasili, mavazi ya kijani, bastola kiunoni, anakula andazi lenye sukari. Kwa nini samaki walindwe kwa bastola? Nijibu mtu. Mto wenyewe ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki zinaelea, treni inapita juu ya daraja. Familia zilikuwa nyingi: Wasalvador na majokofu yao ya vinywaji, Wamarekani weusi wenye viti vya kukunja, Wavietnam walionyamaza wanavua kweli kweli. Nilitafuta mtu wa kwetu. Sikumwona hata mmoja. Nikajua wote wameisoma ile karatasi kama nilivyoisoma mimi.

Ili upewe fimbo ilibidi upite mezani. Mezani alikaa mzee mmoja mweusi, Mmarekani, mwenye kofia ya majani na kipaza sauti kidogo mbele yake, na mbele ya kipaza sauti, kama nilivyotegemea, orodha. Jina, umri, mtaa. 

"Jina lako nani, binti?" mzee alimuuliza.

Binti yangu alifungua mdomo, nami nikawahi. Nilitaja jina la kwanza lililokuja. Sasa ngoja niseme lilitoka wapi, maana hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na msichana darasani kwao, mtoto wa Kizungu, aliyewaambia wenzake kwamba chakula cha binti yangu kinanuka, wakahama meza nzima wakamwacha amekaa peke yake na dagaa wake. Jina la msichana yule lilikuwa linatajwa nyumbani kwetu kila jioni kwa machozi, na ndilo jina la Kimarekani lililokuwa karibu na ulimi wangu. La ukoo nikalichukua kwenye ubao wa daktari wa meno tuliyempita njiani. Mzee aliandika yote mawili bila kuinua kichwa. Kisha akachukua stika, akaliandika lile jina kwa kalamu nene, akambandika binti yangu kifuani.

Mtoto alitazama kifua chake. Akanitazama mimi. Sitasahau yale macho, na sina haja ya kuyaeleza.

"Ni la leo tu," nilimnong'oneza kwa Kiswahili tulipokuwa tunaelekea majini. "La mchezo."

"Kwa nini la yule?" aliuliza.

"Nilisahau kwamba ni la yule."

"Hukusahau. Ulisema kwa haraka. Unaogopa yule mama mwenye bunduki?"

"Nani anaogopa? Shika fimbo yako."

Nilimfundisha. Hilo angalau nililifanya vizuri. Nilimwonyesha namna ya kumtia mnyoo kwenye ndoano asining'inie upande mmoja, namna ya kurusha bila kumng'oa mtu sikio, namna ya kushika mshipi kwa ncha ya kidole ili umsikie samaki anapodonoa. Nilimwambia asivute samaki anapoonja chambo, avute anapoondoka nacho. Alinisikiliza ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kwa muda nilisahau, kweli kabisa nilisahau, mpaka askari alipopita nyuma yetu anagawa maji ya chupa na kuwaita watoto kwa majina ya kwenye stika zao. Alimwita binti yangu kwa jina la yule msichana. Binti yangu hakugeuka. Askari akaita tena. Nikamgusa kiwiko, akageuka, akapokea maji bila kusema asante, yeye ambaye mama yake alimfundisha kusema asante hata kwa mashine ya tiketi.

Askari alikuwa na kamera shingoni. "Baba na binti!" alisema. "Sogeeni niwapige moja." Nikainama haraka natafuta kitu kwenye kopo la minyoo, nikamgeuzia mgongo, nikachimba udongo ule mpaka niliposikia viatu vyake vinaondoka. Picha ya nini? Nani anaiomba? Inakaa wapi? Niliinuka na vidole vyeusi, nikakuta mtoto ananitazama, ameacha hata kushika mshipi.

Saa tano na kitu kiboya chake kikazama. Hakikuchezacheza, kilikwenda chini mara moja. Fimbo ikapinda, akapiga ukelele, akaniita, na aliniita kwa Kiswahili, "Baba! Baba! Njoo!" Sikumshikia. Nilimwambia zungusha, pumzika, zungusha, na alizungusha mabuti yameteleza mpaka kwenye maji, akamtoa kambale, jamani, kambale wa mkono mzima, masharubu yanang'aa.  Akamkumbatia samaki, ute wote ule kwenye blauzi, na kwenye ile stika pia. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena ugenini, nikapiga kigelegele kama mwanamke, watu wakageuka, sikujali.

Askari akaja mbio na rula ndefu. Wakampima, wakaandika urefu kwenye orodha mbele ya lile jina, kisha, amini usiamini, wakamchukua samaki mzima mwenye afya wakamrudisha mtoni.  Mtu anaita watu, anawapa fimbo, anawapa chambo, halafu anawarudishia majini samaki wao! Walisema mto una uchafu, hafai kuliwa, na inawezekana. Lakini furaha yangu iliingia doa pale pale. Nilijiambia: hawa hawakuja kwa ajili ya samaki.

Nilitaka tuondoke. Nilimwambia binti yangu twende tukamwonyeshe mama. Yeye akasema kuna zawadi, kambale wake ndiye mrefu kuliko wa watoto wote, amezisoma namba mezani mwenyewe. Nikamwambia zawadi tutanunua. Akakaa chini kwenye majani. Basi nikakaa naye, nikamenya yai, hakulila.

Saa saba mzee wa mezani akashika kipaza sauti. Alitaja zawadi ya mtoto mdogo kuliko wote, watu wakapiga makofi. Alitaja ya familia kubwa kuliko zote. Kisha akasema, samaki mrefu kuliko wote kwa watoto, cheti na fimbo mpya, na akaita jina la yule msichana na ukoo wa daktari wa meno. Lilivyosikika kubwa! Likapiga ukuta wa daraja likarudi. Binti yangu hakusogea.

"Nenda," nilimwambia.

Mzee aliita mara ya pili.

"Nenda basi, watu wanangoja. Utachukua, tutaondoka."

Hapo alinijibu kwa Kiswahili, sauti ya chini, ili wa pembeni wasielewe. "Baba, huyo si mimi."

"Najua."

"Jina lake likienda kwenye cheti, samaki ni wake."

"Mwanangu, ni karatasi tu."

Niliyasema hayo mimi, niliyeacha kulala kwa ajili ya karatasi. Aliponisikia alibandua ile stika kifuani, akaikunja, akaniwekea mkononi. Kisha akainuka akaenda. Nikaona anasimama mbele ya meza, anasema kitu, mzee anainama asikie, na kwa kuwa alikuwa kiziwi kidogo akamsogezea kipaza sauti. Binti yangu akasema kwamba jina limekosewa. Akalitaja lake. Alilitaja lote, kama tulivyomfundisha kulitaja kwa wageni kutoka nyumbani: lake, langu, na la baba yangu. Ukingo mzima wa mto wa Anacostia ukasikia ukoo wetu. Nikatazama njia ya kwenda kwenye gari, nikahesabu hatua, na sikuweza kwenda, maana mtoto alikuwa kule.

Mzee hakuuliza kwa nini. Alikata lile la kwanza, akaandika upya, akimwomba amtajie herufi moja moja. Ikachukua muda mrefu. Watu wakapiga makofi, na yule askari akaja na kamera yake, akamsimamisha na cheti na fimbo. Nilikuwa nimefika hatua kama kumi kutoka pale, nikasikia kila neno.

"Tumwite na baba," askari alisema. Akaangalia huku na huku, akaniona. Akamgeukia binti yangu. "Yule mwanamume uliyekuwa naye asubuhi yote, yule pale. Ndiye baba yako, siyo?"

Binti yangu alinitazama. Si kwa kuibia, alinitazama sawasawa. Nilidhani ataniita. Nilikuwa tayari, naapa, nilikwisha kuinua mguu mmoja.

"Hapana," alisema. "Simjui. Alikuwa ananisaidia tu na minyoo."

"Aha. Nani amekuleta?"

"Shangazi. Yuko kwenye gari."

Hana shangazi Marekani. Aliusema uongo ule bila kupepesa, uso umetulia kabisa, na mimi nilijua ameujifunza wapi. Askari akampiga picha peke yake. Halafu akanijia mimi. Nilimwona anakuja, bastola ile inatikisika kiunoni, mkono ameunyosha, na nikampa wangu kwa sababu sikujua la kufanya nao.

"Asante sana, bwana," aliniambia. "Si watu wengi wangemsaidia mtoto wa mtu mwingine namna ile, asubuhi nzima. Baba yake angefurahi kukuona."

Nikamwambia karibu. Hilo tu ndilo nililoweza. Ningeweza kusema, huyu ni wangu, damu yangu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika mshipi. Palikuwa na nafasi ya kulisema. Askari alisimama pale kitambo, anatabasamu, hana haraka. Nikamwambia karibu, nikaokota kontena la chapati, nikaanza kutembea.

Sikugeuka mpaka nilipofika uwanja wa mpira. Alikuwa anakuja, lakini upande wa pili kabisa wa uwanja, fimbo mpya begani, cheti amekibana kwapani, anatembea kwa mwendo wake kama mtoto asiyemfuata mtu. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Niliingia garini nikasubiri. Alipita gari letu bila kulitazama, akaenda hadi mwisho wa maegesho, akasimama pale akijifanya anafunga buti. Buti la mvua, ambalo halina kamba. Alingoja mpaka watu wawili watatu wapite na viti vyao, ndipo akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza fimbo kwanza, kisha akajilaza kwenye kiti, chini ya dirisha.

Niliendesha. Sikumwambia pole, sikumwambia asante, na sijui ni ipi kati ya hizo ingefaa. Hadi leo mke wangu anajua tu kwamba mtoto alishinda cheti. Tulipofika taa za University Boulevard, karibu na nyumbani, nilimsikia anajigeuza kule nyuma. Akauliza kama sasa anaweza kuinuka.

Nikatazama kwenye kioo. Nyuma yetu palikuwa na gari jeupe, siwezi kusema la nani. Nikamwambia bado.